Sahani saba Mji Mkongwe
Jamani jana dada kanipeleka dina juu ya paa huku Mji Mkongwe, hakuna menyu ya kuchagua, unakaa tu unaletewa sahani saba moja moja, mpishi anapika kilichoingia soko la Darajani siku hiyo. Ya kwanza kipande cha pweza. KIMOJA. Nikamwangalia dada, akanibana mguu chini ya meza nisicheke 😂

Basi ikaja nguru na achari ya embe mbichi, si unajua Desemba hii kaskazi imeshaingia maembe kila kona, halafu kaa kwenye tui zito la ukwaju, wallahi nilitaka kulamba sahani. Ila iliyonimaliza ni shokishoki, wamezifanya aiskrimu na karafuu kwa mbaaali. Mie shokishoki nazijua za mafungu njiani, tunamenya tunatema kokwa, leo naletewa na kijiko kidogo! Doriani hawakuthubutu, wageni wangekimbia.

Bei sisemi maana mama yumo humu. Saa nne usiku tukashuka Forodhani tukala urojo.