Jiji Linapotaka Kuwameza: Kura ya Texas Inavyokwenda

Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, ikikaribia, vibanda vya fataki hujipanga barabarani hatua chache tu nje ya mpaka wa Houston. Ndani ya jiji fataki ni marufuku. Ng'ambo ya mpaka ni ardhi ya kaunti, na biashara inaendelea. Kaunti ya Harris peke yake ina watu karibu milioni 2 wanaoishi hivyo: anwani inasema Houston, lakini hawana meya wala diwani, na ukipiga simu ya dharura anakuja sherifu.

Zamani jiji liliweza kuwachukua watu kama hao, yaani kuliingiza eneo lao ndani ya mipaka yake, bila kuwauliza. Houston iliumeza mtaa wa Kingwood mwaka 1996 huku wakazi wakipinga hadi mahakamani. Sheria ya 2017 ikaleta kura ya wakazi wa eneo linalotakiwa katika kaunti kubwa, na ya 2019 ikaieneza jimbo zima.

Siku hizi jiji huanza kwa kupitisha azimio, na ndani ya siku 7 lazima litume barua kwa kila mkazi na kila mwenye mali. Barua hiyo usiitupe ukidhani ni tangazo. Azimio linatakiwa kutaja ramani, huduma zitakazoanza siku ya kwanza, na zile zitakazokuja baadaye pamoja na ratiba yake. Hiyo orodha ya "baadaye" isome polepole, maana taa za barabarani na mabomba ya maji taka hupenda kujificha humo. Kati ya siku ya 21 na ya 30 baada ya azimio unafanyika mkutano wa hadhara.

Eneo lenye watu chini ya 200 halipigi kura; hukusanywa saini, na zinatakiwa zaidi ya nusu ya wapigakura walioandikishwa. Wakiwa 200 au zaidi, ni sanduku la kura, na gharama ni ya jiji.

Wengi hujikwaa kwenye suala la wenye ardhi. Kama wapigakura wa eneo hawamiliki zaidi ya nusu ya ardhi yake, tuseme kumejaa nyumba za kupanga, kura ya ndiyo haitoshi. Zinahitajika pia saini za zaidi ya nusu ya wenye ardhi. Kwa hiyo wapangaji wanaweza kushinda kwenye sanduku, na wenye nyumba wanaoishi kwingine wakazuia kwa kukataa kusaini.

Kuhusu kujiandikisha: mwisho ni siku 30 kabla ya kura, na anwani iwe ya hapo unapoishi sasa. Aliyehama apartimenti bila kubadilisha anwani atakuta jina lake liko kwingine. Mwenye grinikadi, yaani mkazi wa kudumu asiye raia, asiguse fomu ya kujiandikisha hata akipewa na mtu mwenye nia njema. Kupiga kura bila uraia kunaweza kumfukuzisha nchini. Mkutanoni, lakini, anaweza kusimama na kusema.

Sasa pesa. Watu hubishania kodi ya jiji wakasahau MUD, ile wilaya ya maji iliyokopa pesa za kujenga mabomba ya mtaa. Tuseme nyumba ni ya dola 250,000, MUD inatoza senti 60 kwa kila dola 100, na jiji litatoza senti 50. MUD ni dola 1,500 kwa mwaka, jiji 1,250. Jiji likiichukua MUD nzima, likabeba deni na kuivunja, umepata nafuu. Likichukua kipande tu, waweza kujikuta unalipa kotekote. Chukua bili ya mwaka jana, uangalie mstari kwa mstari nani anatoza nini, kisha uulize mkutanoni ni mstari upi utafutika.

Kura ya ndiyo ikishindwa, jiji haliruhusiwi kupitisha azimio jingine juu ya eneo hilohilo kwa mwaka mmoja. Tena karibu na kambi za jeshi si lazima jibu liwe moja: mwaka 2018 wakazi wa maeneo kama hayo pembeni mwa San Antonio walikataa kuingia jijini lakini wakakubali jiji lisimamie matumizi ya ardhi yao.

Na tangu Septemba 2023 mlango unafunguka upande wa pili pia. Walio katika ule ukanda wa nje ambao jiji lina sauti ndani yake, hadi maili 5 kwa jiji lenye watu 100,000 na kuendelea, wanaweza kuomba kuachiliwa. Saini za zaidi ya nusu ya wapigakura wa eneo zinatosha.