Gesi ikikata, nyota nazo zinakata

Leo Tanga mvua tangu alfajiri, Ngamiani huku barabara zimejaa maji nikabaki ndani na simu yangu, mara mtoto wa kaka huyu hapa, shangazi eti galaksi nayo inakufa? Nikamwambia galaksi, lile kusanyiko kubwa la nyota na gesi, inaacha kuzaa nyota, ndo kufa kwenyewe huko. Akaridhika akaenda zake kucheza, mi ndo nikabaki nalo swali.

Maana nyota inatoka kwenye gesi, tena gesi ya baridi, haidrojeni iliyojikusanya ikajibana. Galaksi yetu hii bado inazaa, ukipima kwa uzito ni kama jua moja au mawili kwa mwaka, si nyingi ila inazaa. Sasa kuna zingine zina nyota mabilioni na hazitoi kitu kipya, na hizo utazikuta zaidi kwenye msongamano. Mwanaastronomia Dressler aliionyesha vizuri 1980, kwamba kadri galaksi zinavyobanana ndo zile za mikono kama yetu zinapungua na zile za mviringo, zilizojaa wazee watupu, zinazidi.

Chukua kundi la Virgo, liko kama miaka-nuru milioni 54 kutoka kwetu (mwaka-nuru ni umbali mwanga unaokwenda kwa mwaka mmoja) na lina galaksi zaidi ya elfu moja. Kati ya galaksi na galaksi humo si patupu, kuna gesi ya moto ya digrii mamilioni mpaka inatoa eksirei. Galaksi ikiingia humo inakimbia hata kilomita 1,000 kwa sekunde, sasa si unajua bodaboda, hewa imetulia kabisa ila akikaza tu kofia inakutoka kichwani, ndo hivyo hivyo. Wanaastronomia Gunn na Gott walishalieleza hilo 1972. Nyota zenyewe hazing'oki, ni gesi tu inayopeperushwa. Kuna moja inaitwa ESO 137-001, iko kundi lingine la Norma, ina mkia wa gesi wa zaidi ya miaka-nuru 200,000 unaburuzika nyuma, na kinachonichekesha ni kwamba humo kwenye mkia kuna nyota zinazaliwa, yani nje ya nyumba kabisa!

Ila kwa maoni yangu watu wanapenda mno hiyo mikia kwa sababu picha zake nzuri. Kuna njia ya pili ya kimya kimya, galaksi haipokonywi kitu, inazuiliwa tu kuingiziwa gesi mpya kutoka nje, inaendelea kuzaa na akiba iliyobaki mpaka iishe. Mtafiti Peng na wenzake 2015 waliangalia vyuma, ndo wanaastronomia wanavyoita elementi zote nzito kuliko heliamu, maana nyota zikifa zinaacha vyuma kwenye gesi, na gesi safi ya nje ikiingia inavizimua. Wakakuta galaksi zilizokufa zina vyuma vingi kuliko zilizo hai za uzito uleule, maana yake hazikunyang'anywa gesi ghafla, zilizaa zaidi na zaidi bila kuongezewa, kama miaka bilioni 4 hivi. Ushahidi huo mi umenikaa kuliko picha yoyote.

Na tusiwasingizie majirani kila kitu, galaksi nzito sana inaacha kuzaa hata ikiwa peke yake huko porini, mambo ya shimo jeusi la katikati kuipasha gesi moto na kuisukuma. Ndogo ndo zinaonewa na mazingira.

Hata sisi tunaonea. Vigalaksi vingi vilivyo karibu na galaksi yetu havina gesi tena, vya mbali ndo bado vinayo. Mawingu mawili ya Magellan, ambayo ni vigalaksi majirani zetu wala si mawingu ya mvua, yamesalimika, inaonekana yamefika karibu juzijuzi tu kwa hesabu za angani, yana gesi na yanazaa nyota kwa fujo, ingawa tayari kuna utepe mrefu wa gesi unayachomoka nyuma. Ukitaka kuyaona nenda Mwambani hapa Tanga mwezi wa kwanza wakati wa kaskazi, usiku usio na mwezi, angalia kusini chini chini, vitu viwili kama moshi. Utepe wenyewe hutauona, huo mpaka darubini za redio.