Tendo la ndoa baada ya mionzi ya shingo ya kizazi: nilivyofanya

Mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi haimalizi kazi yake siku unapoagana na wauguzi. Matibabu yangu yalikuwa yale ya kawaida: mionzi ya nje mara 25 ndani ya wiki 5, dripu ya cisplatin (dawa ya saratani) kila wiki, halafu mionzi ya ndani, inayotolewa kwa kifaa kinachoingizwa ukeni. Baada ya hapo ukuta wa uke hupona kwa makovu, na makovu hushikana na kuvuta. Uke unafupika na kubana. Tena mionzi huzima ovari, kwa hiyo ukavu wa kukoma hedhi unakuja hata kwa mwenye miaka 35.

Asiye na mwenza naye asome. Uke ukishajifunga, daktari anashindwa kuingiza kifaa cha kukagulia kama ugonjwa umerudi.

Wakati wa matibabu tuliacha kuingiliana, hatukuacha kulala pamoja. Saratani haiambukizi, na mionzi ya nje haibaki mwilini, hivyo mume haungui kwa kumkumbatia mkewe. Anayeendelea na tendo katika kipindi cha dripu avae kondomu, maana mabaki ya dawa hutoka kwenye majimaji ya mwili kwa siku kadhaa, na mimba wakati huo ni hatari.

Kipanuzi, kifaa cha kuzuia uke usijifunge, nilianza wiki ya nne baada ya mionzi ya mwisho; wengi huambiwa kati ya wiki ya 2 na ya 8, kidonda kikishatulia. Ni kijiti laini cha plastiki au silikoni, chenye ncha ya mviringo, na huja kwa saizi. Nakwenda haja ndogo kwanza, nalala chali, magoti juu, nimeyaachanisha. Napaka jeli kwenye ncha na mlangoni. Navuta pumzi, na ninapoitoa ndipo nasukuma, polepole, kuelekea mgongoni. Kikigoma nasimama, nakaza misuli kama anayezuia mkojo, nailegeza, kisha nasukuma tena. Kikifika mwisho nakisogeza mbele na nyuma, kushoto na kulia, na wakati wa kukitoa nakizungusha. Dakika 5 hadi 10, mara 3 kwa wiki. Nakiosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, nakikausha. Saizi inayofuata naichukua pale ya sasa inapopita bila maumivu. Ukiruka wiki mbili, rudi kwenye ndogo. Asiye na kipanuzi anaweza kutumia kidole safi.

Tone la damu ya rangi ya waridi ni la kawaida. Damu inayolowesha pedi, usaha au harufu kali, rudi hospitali.

Kilainishi tumia cha maji, kingi kuliko unavyodhani, na uongeze katikati. Mafuta ya nazi yanateleza vizuri, ila yanadhoofisha mpira wa kondomu hadi unapasuka. Krimu ya estrojeni husaidia ukavu, lakini ni ya daktari kuandika; aliyeugua saratani ya titi asiiguse bila kuulizia. Na yale ya unyagoni, shabu, kujifukiza, limau, sitaki hata kuyasikia. Yanakausha na kukaza, na hapa tunahangaika kulainisha na kulegeza.

Somo lingine la kungwi nililoliacha ni kuvumilia. Mwanamke akivumilia maumivu mara mbili tatu, misuli ya nyonga inajifunza kujifunga kabla hata hajaguswa, na kipanuzi hakitamsaidia mpaka woga huo utoke. Nilimwambia mwenzangu: nikisema "basi", ni basi, tunabaki kushikana. Siku nyingine tulipanga mapema kwamba hakuna kuingia kabisa, tunapakana mafuta tu, na siku hizo ndizo hamu ilipoanza kurudi.

Kuhusu mkao, kulala ubavu, yeye nyuma, mapaja yangu nimeyabana, hupunguza kina. Au mimi juu, nipime mwenyewe. Uke ukiwa umefupika, nashika shina la uume kwa mkono uliopakwa jeli; kisichoingia ndani kinabaki mkononi, naye haoni pengo. Saa zetu ni alfajiri. Usiku uchovu wa mionzi unashinda kila kitu, na huo kwangu ulidumu miezi.