Kabureta ya mzee

Juzi fundi wa bodaboda hapo nje kafungua kabureta juu ya gazeti, anapuliza jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli, kwa mdomo, harufu ya petroli ikanifikia mpaka kibarazani. Binti yangu akaniuliza baba kabureta ni nini, nikamwambia ni ya kuchanganya hewa na petroli, akaridhika. Mimi ndo nikabaki na mzee kichwani.

Ile Hilux yake, ya injini ya 18R. Nimepata kazi Dar, mshahara wa kwanza umeingia, kichwa kinawaka, nikasema lazima nimfungie mzee kabureta ya Weber 32/36. Nikaipata mtumba Gerezani, fundi akachonga bamba la aluminiamu la kuikalisha kwenye manifoldi, ile mirija ya kuingiza hewa kwenye injini, gasketi tukakata wenyewe, siku mbili kazi imeisha. Mzee kakaa juu ya ndoo anaangalia tu.

Alfajiri tukaondoka kwenda Njombe. Kufika mlima Kitonga malori yanajikokota, siku zote hapo mzee anarudisha gia namba mbili na kumwomba Mungu. Safari hii kakanyaga. Weber ile ina matundu mawili, la milimita 32 linafunguka kwanza, la 36 linasubiri mpaka ukanyage kwelikweli, sasa lilipofunguka hilo la pili nikasikia kwenye boneti kama mtu anavuta pumzi ndefu, Hilux ikainua pua, tukapita lori la kwanza, la pili (najua, kupita malori Kitonga ni ujinga, msiige), mzee kang'ang'ania usukani, kofia imemkaa upande, akasema "Alaa!" Halafu akacheka. Mzee wangu hachekagi nyie.

Njombe sasa, karibu mita 2000 juu, hewa nyepesi, jeti ni zilezile za Dar, petroli ikazidi. Moshi mweusi, plagi zina masizi kama sufuria ya makande. Ilitaka jeti ndogo zaidi, ila hilo nilikuja kulijua baadaye sana. Likizo ikaisha nikapanda basi. Kila nikipiga simu, gari vipi mzee? "Inavuta sana mwanangu."

Miaka mitatu mbele nikafungua boneti niangalie maji, nakuta kabureta ya zamani imekaa zake pale, na vumbi la kutosha. Weber niliikuta stoo ndani ya mfuko wa rambo, imefutwa vizuri kabisa.

Jioni akaniuliza, umeionaje gari? Nikamwambia inavuta mzee.