Karafuu za Jumamosi Usiku

Kiangazi kilichopita nilikuwa mpishi msaidizi katika kambi ya vijana wa Kiyahudi, kaskazini-mashariki mwa Pennsylvania. Nilikwenda kutafuta riziki ya miezi miwili. Nilichorudi nacho moyoni ni namna watoto wa miaka 15 na 16, walioshuka basini hawajuani hata majina, walivyoagana baada ya siku 12 kwa vilio vya ndugu waliolelewa nyumba moja.

Kambi yenyewe ni ya kufunza uongozi. Wengi wao walitoka katika harakati iliyoanzia Omaha, Nebraska, mwaka 1924, kwa jina la Aleph Zadik Aleph, ambayo ilikuwa ya wavulana. Ya wasichana ikafuata mwaka 1944, na leo zote mbili ziko chini ya BBYO, shirika la vijana wa Kiyahudi. Vijana hugawanywa katika matawi ya mazoezi, wakachagua viongozi wao, wakaendesha vikao na kupanga shughuli ambazo jioni yake huzitekeleza wenyewe, bila mtu mzima kuwaokoa zikiharibika.

Wasichana wawili walishindania nafasi moja, na aliyeshindwa hakumsemesha mwenzake siku nzima. Usiku ule zamu ya kufuta meza iliwaangukia wote wawili. Niliwaona kwenye dirisha la jikoni, nikiwa natenganisha sufuria za nyama zenye alama nyekundu na za maziwa zenye alama ya buluu (sharti la chakula cha Kiyahudi ambalo mimi niliyekulia katika halali sikupata tabu kulielewa). Walianza kila mmoja na upande wake wa ukumbi. Walipofika meza ya katikati, walikuwa wanasaidiana kukunja kitambaa kimoja.

Naamini kazi ndiyo iliyowaunganisha, lakini Sabato ndiyo iliyowapa nafasi ya kujuana. Ijumaa jua likikaribia kuzama walivaa nyeupe, mishumaa ikawashwa, ratiba ikanyamaza hadi Jumamosi usiku. Katika saa hizo zisizo na kikao wala mashindano, walikaa chini ya miti wakisimuliana mambo ambayo, kwa nilivyowasikia, hawakuwa wamemwambia mtu.

Nyota tatu zilipoonekana walisimama duara kwa ajili ya Havdala, mikono mabegani, wakiaga Sabato kwa divai, mshumaa wa kusokotwa na viungo vya kunusa. Kikopo kilipita mkono kwa mkono kikafika kwangu mlangoni. Ndani yake mlikuwa na karafuu.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Msimu wa karafuu sisi nasi huenda kambi, na neno tunalolitumia ni hilohilo. Mchana wanaume hukwea mikarafuu kuchuma, na usiku wanawake na watoto hukaa kwenye jamvi kuchambua, karafuu huku, vikonyo kule, vidole vikinata na kunukia hata baada ya kuoga. Niliwaeleza hayo wale wasichana wawili, nao wakataka kujua niliokuwa nikichambua nao wako wapi sasa.

Jumapili alfajiri, kabla sijawasha jiko, nilimpigia simu shoga yangu tuliyekutana kambi ya karafuu nikiwa na miaka 14. Kwao ilikuwa mchana, naye alikuwa ametoka kuanika.