Kipimo cha alfajiri, Mtoni Kijichi

Siku tatu mfululizo nilishuka Mtoni Kijichi, Dar es Salaam, saa sita mchana, nikapita katikati ya mikoko hadi kwenye tope na kutumbukiza kipima oksijeni. Kikundi cha akina mama kilitaka kuchimba bwawa la kufugia samaki aina ya mwatiko pale, nami ndiye niliyetumwa kuwapa jibu. Masika yalikuwa yamepunguza chumvi, lakini hilo halikunitisha: mwatiko huishi baharini na hata maji yasiyo na chumvi huyastahimili. Oksijeni ilisoma miligramu 8 kwa lita. Nikawaambia maji ni mazima.

Mwenyekiti wao hakushangilia.

"Mwanangu, mbona huji alfajiri? Kukipambazuka huku maji yananuka, na visamaki vinatweta juu juu."

Nikamfuata saa kumi na moja, bado giza. Yalikuwa maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, mkondo hausogei. Yeye akashika tochi, mimi nikatumbukiza kipimo: 1.6. Nikadhani kimeharibika. Nikakisuuza, nikakirekebisha, nikarudia: 1.5. Kwenye mwanga wa tochi visamaki vilikuwa vimetoa midomo juu ya maji, vimejipanga ukingoni kote.

Ndipo ile 8 ikanichoma. Maji yenye joto la nyuzi 29, hata yangekuwa ya mvua tupu bila chembe ya chumvi, hayashiki oksijeni kiasi hicho kutoka hewani. Ziada ile ilitoka kwa mwani ulionenepa kwa taka zinazoshushwa na mito Kizinga na Mzinga kutoka mitaani. Jua likiwaka mwani hutoa oksijeni, likizama huivuta wenyewe. Namba niliyoifurahia ndiyo iliyokuwa ikinionya, na mimi nilisomea jambo hilo darasani! Bwawa lile, usiku mmoja wa maji mafu, lingeweza kuua mwatiko wote wa kikundi.

Mchana nikawaeleza chini ya mwembe, nikakiri kwamba jibu la kwanza nilikosea. Walikuwa wameshachanga hela za wachimbaji. Dada mmoja aliinuka akaondoka bila kuaga, na sikumlaumu.

"Sasa tuchimbe wapi?" mwenyekiti akauliza.

Nikaomba wiki mbili nipime upande wa karibu zaidi na bahari, safari hii nikianzia usiku.

"Betri za tochi nitanunua mimi," akasema.