Tairi la Baba

Mwanangu ana miaka sita na jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo nyumbani wote tunamwita Baba. Ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili. Hatua yake ya kwanza aliipiga akiwa na miaka mitatu na mwezi mmoja, mbele ya banda langu la kutengeneza baiskeli hapa Ngamiani, Tanga. Nilikuwa nimeshika embe. Kama alinifuata mimi au embe, mnajua wenyewe.

Kliniki ya kwanza walituambia, "Hawa huchelewa, subirini." Tukasubiri mwaka mzima. Mwaka ule unaniuma mpaka leo.

Kisha tukampata dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Kabla hajamgusa mtoto akauliza, "Moyo umepimwa?" Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo. Wetu alikuwa na tundu dogo, likajiziba lenyewe. Ndipo akauinua mkono wa Baba na kuuachia, ukaanguka kama kanga mbichi. Misuli yao imelegea na viungo vinakunjuka kupita kiasi. Baba alikuwa akitaka kuinuka anatanua miguu pembeni kama mkasi, magoti hayajui. Mke wangu akaambiwa aishone kaptula yake, miguu yote miwili pamoja mpaka karibu na magoti. Mama mkwe akaja juu: "Mnamfunga mjukuu wangu kama kuku wa sokoni?" Wiki ya tatu kuku akapiga magoti, akatambaa.

Nilisoma kwamba mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watoto wachanga 30 wenye hali hii. Nusu yao wazazi waliwashikilia juu ya mashine ya kutembelea yenye mkanda unaozunguka, dakika 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Wakatembea siku 101 kabla ya wenzao. Mashine hiyo mimi naitoa wapi? Nikachukua kibaiskeli alichokitelekeza mteja, nikakipandisha kwenye matofali, gurudumu la nyuma likawa linazunguka hewani. Nyayo zake zilikuwa zinateleza, nikazifunga kwenye pedali kwa kipande cha tyubu, nami namshika kiuno. Dakika 8 zilezile.

Ugonjwa wangu ulikuwa haraka. Nasema, "Baba, kanyaga," kabla hajapepesa jicho nimeshamsukuma goti. Yule dada akanishika mkono: "Hesabu kumi kimoyomoyo." Moja, mbili, tatu. Kimya. Sita. Saba, kidole gumba kikatikisika. Tisa, pedali ikaenda. Kumbe alikuwa ananisikia siku zote, mimi ndiye nilikuwa namnyang'anya zamu yake.

Shingo msiifanyie mzaha. Binamu zake walimfundisha kupiga samasoti kwenye mchanga wa Raskazone, na mimi nikapiga makofi! Nilipomsimulia yule dada alibadilika uso. Kwa baadhi ya watoto hawa pingili mbili za juu za shingo hazikushikana vizuri, na kubinuka hivyo kunaweza kuuminya uti wa mgongo. Ukiona mtoto ameanza kuyumba, shingo imekaa upande, au anajikojolea ilhali alishaacha, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Siku hizi Baba ana kazi. Kila asubuhi anasukuma tairi chakavu la gari kutoka nyumbani mpaka bandani. Uzito wake unamfanya ainame na kukaza tumbo, na likianza kumkimbia inabidi akimbie nalo. Kwangu ni mwendo wa dakika tano. Kwake ni habari nyingine, maana akikutana na mtu analilaza tairi chini, anafuta viganja kwenye kaptula, ndipo anaamkia.

Yule dada alituachia daftari la kujaza mazoezi ya kila siku. La jana nimeandika: dakika 40, shikamoo 11, moja ya mbuzi.